Kutoka ni Kazi ya Maji

Siku tulipoanua matanga ya baba mdogo Bundala, pale kwake Buzuruga, wajukuu zake walikaa barazani na simu moja wakimwangalia mchekeshaji anayeigiza sauti ya kiongozi fulani. Wanaangalia, wanacheka, wanairudisha nyuma, wanacheka tena. Mzee mmoja wa kanisani akawaambia wazime, msiba haujapoa na mkubwa hachekwi. Kijana mmoja akamjibu kwa adabu, babu shikamoo, lakini siku hizi kila mtu ana haki ya kusema. Wakabishana hadi sahani za wali zikapoa mikononi, kisha wakanigeukia mimi, kwa sababu nimefundisha Kiswahili miaka mingi na wanadhani nina jibu la kila kitu kinachohusu maneno. "Shangazi, wewe unaonaje?" Nikasema naona chai inahitaji sukari. Wakacheka, nami nikajua nimekimbia. Asubuhi iliyofuata nilifungua sanduku langu la bati, nikatoa kaunta buku yenye jalada jeusi lililoliwa na mende pembeni, nikasoma maandishi ya msichana wa miaka kumi na sita ambaye alikuwa na jibu la swali lile, akalitoa mbele ya watu mia tatu, na kidogo limgharimu mtu aliyekuwa akimlisha.

Mwaka ule nilikuwa kidato cha tatu, nikikaa kwa baba mdogo ili niwe karibu na shule. Chumba changu ndicho kilichokuwa stoo: gunia la mahindi, gunia la michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, baiskeli isiyo na mnyororo, na kitanda cha futi mbili na nusu. Ukuta kati ya stoo na sebule haukufika kwenye bati. Matofali yalikwisha kabla ya ukuta, baba mdogo akasema si neno, hewa ipite. Hewa ilipita, na maneno yakapita nayo, kwa hiyo nililala nikijua bei ya dagaa, nani wa kwaya amemnunia nani, na mama mdogo anasema nini juu ya dada za mumewe. Mimi mwenyewe nilikuwa sisemi. Sisemi kweli. Siku moja mwalimu wa zamu aliniandika sijafika, nami nimekaa dawati la pili mbele yake. Alipotaja jina niliitika kwa sauti ambayo hata jirani yangu hakuisikia, na kurudia niliona aibu. Nikahesabiwa mtoro huku nipo. Maneno niliyoshindwa kuyatoa mdomoni niliyaweka kwenye ile kaunta buku, pamoja na ya watu wengine wote, neno kwa neno, hadi kikohozi.

Na mtu aliyestahili kuandikwa alikuwa baba mdogo. Alikuwa dereva wa Mkuu wa Wilaya, wilaya ambayo sitaitaja, na Mkuu wa Wilaya mwenyewe alikuwa Mzaramo aliyeletwa kutoka pwani. Sasa, Msukuma na Mzaramo ni watani. Tangu mababu zetu waliposhuka pwani na mizigo kichwani, Mzaramo anaweza kumwambia Msukuma neno lolote, na Msukuma akamrudishia, na hakuna wa kwenda kushitaki popote. Anayekasirika ndiye mwenye aibu. Kwa hiyo ofisini yule alikuwa Mheshimiwa, na baba mdogo alimfungulia mlango akiwa amekaza mgongo kama mgambo. Lakini mlango wa Landrova ukishafungwa, wote wawili wamekaa mbele, bega kwa bega, hapakuwa na bwana wala dereva. Palikuwa na watani wawili na barabara ya vumbi.

Jumapili tukitoka kanisani, mama mdogo akishaweka ugali na sato wa kuchemsha na bakuli la mlenda, baba mdogo alinawa mikono, akala matonge mawili ya haraka, halafu akaanza. Alikaza shingo. Aliweka mikono miwili chini ya tumbo lisilokuwepo, kama mtu aliyebeba boga, na sauti ikamtokea puani, sauti ya pwani, ya pole pole.

"Wewe Msukuma, mbona unapunguza mwendo? Umeona ng'ombe, unataka kumwamkia?"

Kisha kwa sauti yake mwenyewe: "Namwamkia, mtani. Yule anatoa maziwa. Wewe tangu uletwe huku umetoa nini?"

Mama mdogo alikuwa akijifunika uso kwa kanga. "Baba Neema, utafukuzwa kazi wewe! Kula ugali!"

"Nifukuzwe kwa lipi? Na yeye alinijibu. Amesema sisi Wasukuma tukipewa ndege, tutaifunga kamba shingoni tuipeleke malishoni."

Tulicheka hadi mlenda ukamwagika. Baadaye, stoo, nikiwa nimekaa juu ya gunia la michembe, niliandika yote, na nilipoandika niliyasikia tena, nikacheka peke yangu kimya kimya. Nadhani sijawahi kuwa na furaha ya namna ile tangu hapo, hata vitabu vyangu vya shule vilipochapishwa.

Ilikuwa ni miaka ambayo magazeti yaliota kama uyoga. Stendi ya Buzuruga muuzaji aliyabana kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, na watu walisimama mbele yake mikono nyuma wakisoma kurasa za kwanza, huku yeye akiwafukuza: "Mmeshiba? Niwaletee na maji ya kunawa?" Tulizoea magazeti mawili matatu yaliyosema kitu kimoja, na mara yakaja haya yenye vikatuni, wakubwa wamechorwa matumbo kama mitungi, shingo hazionekani, wanakula nchi kwa uma. Mama mdogo hakuyapenda hata kidogo. "Mtu mzima, baba wa watu, anachorwa mdomo kama sangara! Na mama yake mzazi akiuona?" Baba mdogo akamjibu kwamba mama yake ndiye anayeujua huo mdomo tangu zamani. Mimi niliandika maoni yangu, nayanakili hapa kama yalivyo: "Naona anayechorwa ana bahati, maana ameonekana. Na anayecheka ana bahati, maana hayuko peke yake. Sioni nani anaumia." Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilikuwa sijaona.

Darasani nako kulikuwa na upepo huo huo. Somo la Siasa lilikuwa limebadilishwa jina likawa Uraia, vitabu vipya vilikuwa havijafika, basi mwalimu wetu, Mwalimu Koku, mama mmoja mrefu wa Bukoba aliyevaa miwani yenye kamba, alitufundisha kwa magazeti. Alileta lililofungiwa maandazi, akalinyoosha kwa kiganja, akatusomesha. "Haya, huyu aliyechora hapa amekosea au hajakosea? Jitetee." Wavulana walibishana hadi mishipa ya shingo. Siku moja akasimama karibu na dawati langu, akasema bila kunitazama: "Mkikaa bila kusema mtazoea kunyamaza, halafu mtakuja kusema mlizaliwa hivyo." Nilijua anamsema nani.

Sasa nieleze habari ya bomba. Kuna mtaa ulikuwa na shida ya maji tangu tujue, ziwa linaonekana kwa macho na ndoo ni tupu, na hatimaye likajengwa bomba la watu wote, na Mkuu wa Wilaya akaalikwa kulifungua. Pampu iliharibika siku moja kabla. Watu wa maji, kwa hofu ya kuahirisha, wakapandisha tangi dogo nyuma ya ukuta, wakaweka vijana wanne wenye ndoo wakimimina. Mheshimiwa alifungua, maji yakatoka, vigelegele vikapigwa, akanawa mikono mbele ya kamera. Aliposhika hotuba, ukurasa wa pili tu, bomba likakohoa mara mbili likanyamaza, na nyuma ya ukuta ikasikika ndoo ikianguka. Hayo ya bomba kila mtu aliyekuwepo aliyajua. Lakini yaliyosemwa ndani ya Landrova waliyasikia wawili tu, na Jumapili ile sisi wa mezani.

"Nikamwambia, mtani, leo umeweka historia. Umefungua bomba, limejifunga lenyewe."

"Ee Mungu wangu," mama mdogo akasema. "Akasemaje?"

Baba mdogo akabeba boga lake, akavuta pumzi puani. "Akasema: 'Nyamaza, Msukuma. Mimi kazi niliyopewa ni kufungua. Kutoka ni kazi ya maji.'" Na akaeleza jinsi yule mtu alivyocheka mwenyewe, akacheka hadi akavua miwani, halafu karibu na Usagara akaacha kucheka, akatazama dirishani, akasema taratibu kwamba wale akina mama walimpigia vigelegele. Hilo la mwisho niliandika pia. Lakini nilipokuja kuchagua la kutumia, hilo sikulichagua.

Kila mwaka kwenye mahafali ya kidato cha nne shule yetu ilisoma ngonjera ya kumsifu mgeni rasmi. Mwaka huo Mwalimu Koku alitaka mchezo mfupi wa kuchekesha, wenye funzo, na kundi la sanaa halikuwa na hata mstari mmoja. Niliyekuwa nakaa naye dawati moja aliitwa Nyamizi, msichana mnene, jasiri, mwenye sauti ya kuita mvuvi aliye katikati ya ziwa. Nyamizi ndiye peke yake aliyewahi kusoma kaunta buku yangu, na hakuniomba ruhusa. Aliichomoa kwenye dawati, akaisoma wakati wa Jiografia huku ameuma mkono wa sweta ili asicheke. "Kabula," akaninong'oneza, "mchezo si huu hapa? Sisi tunatafuta nini?" Nilikataa siku tatu. Siku ya nne nikaandika. Bomba nikaligeuza kisima cha pampu, Mzaramo nikamfanya mtu asiye na kabila, Mkuu wa Wilaya akawa Bwana Mgeni. Nilibadilisha kila kitu isipokuwa ile sentensi ya maji. Sikuweza kuiacha. Nilijaribu kuandika nyingine mahali pake, zikawa zimelala kama samaki wa jana. Na ninakiri: nilijua mgeni rasmi atakuwa nani, tangazo lilikuwa limeshabandikwa. Lakini niliwaza, mtu aliyecheka hadi kuvua miwani ndani ya gari, kwa nini asicheke na hapa? Hapo ndipo nilipokosea, nadhani ni kosa linaloweza kufanywa tu na mtoto aliyelelewa katika utani: nilidhani utani ni maneno, na kwamba maneno yakishakuwa halali kwa mmoja, ni halali kwa wote.

Mkuu wa shule aliisoma risala mara tatu na kufuta aya ya vyoo. Kuhusu mchezo alimuuliza Mwalimu Koku maswali mawili tu, tukiwa tumesimama pale. "Kuna matusi?"

"Hakuna."

"Kuna chama?"

"Hakuna."

"Endeleeni."

Siku ya mahafali turubai lilifungwa kwenye nguzo za goli, wazazi wakajaa, akina mama wamevaa vitenge vya sare ya kwaya, pilau inanukia kutoka nyuma ya bwalo. Mkuu wa Wilaya alikaa mbele kwenye kochi lililotolewa ofisini. Baba mdogo, shati jeupe, alikaa benchi la mwisho na madereva wengine, sahani mapajani. Mimi nilikuwa pembeni na kundi la kugawa soda, mahali ninapoona wote. Nyamizi alitoka na mto umefungwa tumboni chini ya koti la mwalimu wa Hesabu. Nilikuwa nimemweleza tu jinsi ya kusimama, lakini aliposhika lile tumbo kwa mikono miwili na sauti ikatoka puani, taratibu, nilisisimka mwili mzima: alikuwa ni baba mdogo, akiwa ni Mheshimiwa. Wavulana walimimina ndoo nyuma ya pazia. Kisima kikakohoa. Mwanakijiji akauliza, "Bwana Mgeni, mbona hayatoki?" Na Nyamizi akawageukia watu, akasema, "Mimi kazi niliyopewa ni kufungua. Kutoka ni kazi ya maji."

Halafu mama mmoja katikati akasimama na mtoto mgongoni, akapaza sauti: "Hata bomba la kwetu! Hata la kwetu ni hivyo hivyo!" na turubai zima likalipuka. Watu walipigana mabega. Mwalimu Koku alivua miwani akafuta machozi. Mkuu wa Wilaya alicheka, tena vizuri, mabega yakitikisika, akajipangusa kwa leso. Mimi nilimtafuta baba mdogo, nikisubiri anione, aone kwamba ni mimi niliyeyatoa maneno yake stoo nikayaleta kwenye jua. Alikuwa ameweka sahani chini kwenye nyasi. Hakutazama jukwaa. Alikuwa anatazama kisogo cha Mheshimiwa.

Mgeni rasmi alihutubia vizuri, akasifu vipaji vya vijana, akaahidi mipira miwili, akaitimiza ahadi siku hiyo hiyo. Kisha akaaga. Baba mdogo alikuwa ameshaifikisha Landrova karibu, akashuka, akazunguka, akafungua mlango wa mbele kama siku zote. Mheshimiwa akaupita ule mlango. Akafungua wa nyuma kwa mkono wake mwenyewe, akaingia, akaufunga. Baba mdogo alibaki ameushika ule wa mbele, umefunguliwa, na kiti kitupu. Kwa hesabu yangu ilikuwa muda wa kusema Baba Yetu nusu. Halafu akaufunga polepole, kama mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala.

Nyumbani hakunipiga wala hakupandisha sauti. Aliingia stoo, akakaa kwenye gunia la mahindi, mimi nimekaa kitandani.

"Ni wewe?"

"Ndiyo, baba."

"Umeandika mangapi?"

"Yote."

"Lete."

Alisoma hadi mama mdogo akaita chakula mara mbili. Mahali fulani alicheka, puani, akajizuia. Aliponirudishia alisema, "Umeandika vizuri. Hata nilivyopaliwa na mwiba umeandika." Akasimama, akashika mlango. "Usiandike tena nikiwa nakula."

Hapakuwa na haja ya kunikataza, maana hapakuwa na cha kuandika. Jumapili zilikuja, ugali ukaja, na yeye akawa mtu anayekula. Mama mdogo alijaribu: "Habari za huko mlikokwenda?" "Nzuri." "Mheshimiwa hajambo?" "Hajambo." Ilikuwa kupitia juu ya ule ukuta, jioni moja, nilipopata ukweli wote. "Ananiita Dereva," alikuwa akimwambia mama mdogo. "Dereva punguza, Dereva simama. Leo ng'ombe wamefunga njia, nikaona hapa hapa, nikamwambia mtani, shuka uwaamkie wewe leo, mimi nimechoka. Akasema, 'Subiri wapite.'" Nikamsikia akivua viatu. "Basi. Tukasubiri wakapita."

Hakufukuzwa, wala hakuhamishwa. Ndiyo maana nashindwa kuwajibu vijana wa barazani kwa mkato. Wakisikia uhuru wa kusema wanafikiria polisi, barua ya kufungia gazeti, mtu aliyeitwa kujieleza. Hayo yapo, na sijawahi kuwa upande wake hata siku moja. Tena niseme na hili: wiki zile zile pampu ya lile bomba ilitengenezwa. Mama mdogo alikutana na mwanamke wa mtaa ule sokoni akamwambia maji yanatoka asubuhi na jioni, na kwamba ni "wale watoto wa shule" waliofanya hivyo. Sitaapa kwamba ni sisi, pengine kipuri kilikuwa njiani. Lakini najua nilivyojisikia nilipoambiwa: nilifurahi hadi nikataka kukimbia barabarani, na wakati huo huo nikaona haya hadi nikaingia stoo nikafunga mlango. Maji ya watu yalistahili kusemwa, kwa sauti kubwa kuliko ile. Na ile sentensi haikuwa yangu. Ilitoka kwa mtu aliyemwamini mtu aliyekaa bega kwa bega naye. Yote mawili niliyaandika ukurasa mmoja, nikachora mstari katikati, na mpaka leo sijaufuta.

Shule zilipofungwa nilipiga pasi sare yangu, nikaenda ofisini kwa Mkuu wa Wilaya kwa miguu, siku ambayo nilijua baba mdogo amepeleka gari gereji. Nilimwambia karani mimi ni mtoto wa Bundala. Nilikaa kwenye benchi tangu saa tatu hadi karibu saa saba, nikimwomba Mungu nisiitwe. Nikaitwa. Chumba kilikuwa kikubwa, zulia jekundu, meza yenye kioo juu, na ukutani milango mitatu inayofanana, yote ya rangi ya maziwa. Tulikuwa wawili tu.

"Shikamoo."

"Marahaba. Baba yako amekutuma?"

"Hapana. Hajui."

Nilikuwa nimeandika kila kitu kwenye karatasi, lakini karatasi ilitetemeka hata nikashindwa kusoma mwandiko wangu. Nikasema lililokuja. "Ni mimi niliyeandika. Yeye alikuwa anakula tu. Hakuniambia niandike. Aliyasema kwa sababu anakupenda."

Kwa karibu alikuwa mzee kuliko alivyoigizwa, macho yamechoka, na tumbo lenyewe halikuwa kubwa sana. "Mwanangu, mimi sikukasirika kuchekwa," akasema. "Baba yako akinipiga neno, nami nampiga, tunakwenda sare, tunafika safari. Pale kwenu nilipigwa mbele ya watu wote na mikono imefungwa. Ningemjibu nani? Yule binti mwenye mto?"

Sijui mpaka leo ni nani aliyesema kwa mdomo wangu. "Ungejibu kwa maji."

Nikajua nimemmaliza baba mdogo kabisa.

"Nimejibu," akasema. "Hamkusikia?"

"Tumesikia. Yanatoka asubuhi na jioni."

"Haya. Basi na ninyi tumekwenda sare."

"Lakini baba mdogo hajajibiwa," nikasema. "Wiki ya saba hii."

Akavua miwani, akaiweka juu ya kioo. Alisema kwamba ndani ya gari sasa akitaka kutoa neno anakumbuka kuna daftari mahali. Nikamwambia sitaandika tena. "Usiahidi usichokiweza," akasema. "Nenda nyumbani, jua linawaka." Nikasema shikamoo mara ya pili, badala ya kwa heri, nikageuka, nikafungua mlango, nikaingia, nikaufunga nyuma yangu. Ulikuwa mlango wa choo chake. Mtu mwingine angetoka. Mimi nilisimama mle ndani, mbele ya sinki, nikiwaza kwamba nikikaa kimya pengine atasahau kwamba nimewahi kuja, na nilikaa hivyo muda ambao sitautaja, hadi nikasikia sauti yake upande wa pili ikisema, kwa upole mkubwa, kwamba wa kutokea ni ule wa katikati. Nilipita mbele yake nikitazama zulia. Sikumwambia mtu. Si Nyamizi, si mama mdogo. Hata kaunta buku sikuiambia; nafasi ya siku ile ni nyeupe.

Ikapita Jumapili moja. Ya pili yake mama mdogo aliweka ugali, dagaa wa kukaanga na nyanya chungu, akakaa. Baba mdogo alinawa mikono, akajifuta taratibu kidole kwa kidole.

"Kabula, kalamu yako iko wapi?"

"Stoo."

"Ilete."

Niliileta. Akainyooshea kidole mahali pa kuiweka, katikati ya meza, kando ya bakuli la dagaa, ambapo kila mtu anaiona. Akala tonge moja. Akala la pili. Halafu akasimama, akakutanisha magoti, mabega akayavuta mpaka masikioni, akakunja mikono kifuani kama aliyeshika karatasi inayotetemeka, na ikamtoka sauti nyembamba kama ya mbu aliyenyeshewa: "Shi... shikamoo."

"Huyu sasa nani?" mama mdogo akauliza, ameshaanza kucheka.

Hakumjibu. Aliinama, akasema shikamoo nyingine, akageuka kwa haraka, akafungua kabati la vyombo, akaingiza kichwa na mabega yote kati ya vikombe na sufuria, akajivutia mlango mgongoni. Akatulia humo. Hakutikisika. Mama mdogo aliinamia meza, machozi yakimdondokea kwenye kitenge, akimwomba atoke, vikombe vitavunjika, ni nani huyo jamani, anafanya nini humo ndani. Mimi nilikuwa nimewaka masikio hadi shingoni. Nilitaka ardhi inimeze, na nilitaka asitoke kamwe.

"Baba Neema!" mama mdogo akasema, akipumua kwa shida. "Hayo umeyatoa wapi? Kakwambia nani?"

Kabatini vikombe viligongana kidogo.

"Mtani," akasema.